Bastola ya mfukoni haitatuondolea vijana wa mapanga

Swali moja limezoeleka siku hizi katika mabaraza yetu, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, na kwa wenye maduka Marikiti na Kongowea: je, mtu atafute bastola ndogo ya kutia mfukoni, ajilinde? Wanaouliza si wahuni. Ni wafanyabiashara wanaofunga duka usiku na mauzo ya siku nzima mkobani, ni mawakala wa M-Pesa, ni wenye vituo vya mafuta. Wameona video za vijana wakifagia mtaa mzima kwa mapanga, wameuguza jirani aliyekatwa mkono kwa sababu ya simu, na wamechoka kuambiwa na kituo cha polisi kuwa gari halina mafuta.

Swali hilo ni la haki na halistahili jibu la mkato. Nataka tulitazame kwa utulivu: sheria yetu yasemaje, hiyo bastola ndogo ni kitu gani hasa, risasi zake zafanya kazi vipi, na je, ni dawa ya ugonjwa tulio nao? Nitangulize msimamo wangu ili msomaji asipoteze muda kunitafuta. Kwa watu wachache walio na hatari mahsusi, leseni halali na nidhamu ya mazoezi, bastola yaweza kuwa na maana. Kwa wengi wetu, itaingiza hatari nyumbani kubwa kuliko ile itakayoiondoa barabarani.

Kenya si Marekani

Elimu ya bastola ambayo wengi wetu tunayo imetoka YouTube, na YouTube imeitoa Marekani. Bwana mmoja wa Texas ameweka bastola tano mezani, anazipima moja moja, anakwambia hii yaingia mfukoni, hii risasi yake kali. Ni maarifa, lakini yamekatwa kwa kipimo cha nchi nyingine. Kule kumiliki silaha ni haki iliyoandikwa katika katiba. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iitwayo Bruen, iliamua kwamba raia ana haki ya kubeba bastola hata nje ya nyumba yake, na zaidi ya nusu ya majimbo ya huko hayadai kibali kwa mtu mzima kuificha nguoni. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kuwa raia wa Marekani wana bunduki milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe.

Kwetu mambo ni kinyume. Katiba ya 2010 haina haki ya kumiliki silaha. Kilichopo ni Kifungu cha 26 kinacholinda uhai wa kila mtu, pamoja na wa huyo mwizi. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yafanya silaha kuwa ruhusa inayotolewa kwa masharti na inayoweza kunyang'anywa. Mwombaji hupeleka maombi yake kupitia polisi wa eneo lake, hupekuliwa rekodi ya uhalifu, hupimwa afya ya akili, huulizwa sababu, huangaliwa kama ajua kuishika silaha, na mwisho Bodi ya Leseni za Bunduki ndiyo huamua. Kusema "nina hofu" hakutoshi, kwa maana hofu tunayo sote. Na ukipewa leseni si yako milele. Mwisho wa 2018 wenye silaha wote nchini waliamriwa wajitokeze kukaguliwa upya, na aliyeonekana hafai alitakiwa kuirudisha.

Hao Small Arms Survey walikadiria kwamba mwaka 2017 mikononi mwa raia wa Kenya kulikuwa na silaha takriban 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Zitazame tarakimu hizo vizuri, kwani zina maana mbili. Kwanza, mwenye leseni Kenya ni tone katika bahari. Pili, mtu akikunong'oneza kuwa ana bastola ya bei nafuu bila karatasi, imetoka katika hiyo bahari. Huenda imeshaua. Ukikamatwa nayo, maganda ya risasi yaliyookotwa mahali pengine yatalinganishwa na silaha iliyokutwa kwako, na wewe uliyetaka kujilinda utaelezea damu usiyoijua. Usishawishike na mlango wa nyuma, hata aliyekuletea awe binamu yako.

Funzo la Westgate

Wanaotetea bastola ya raia wana hoja, na ni haki isikike. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwemo raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao ni Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa. Alikwenda kumtafuta ndugu yake, akaishia kuwatoa watoto na kina mama wasiomhusu kwa ukoo wala dini. Hakuna Muislamu wa pwani hii ambaye hakuinua kichwa siku ile.

Lakini tusichukue nusu ya funzo. Baadhi ya raia wale walikuwa wapiga shabaha wa siku nyingi, watu waliozoea silaha kama seremala alivyozoea randa. Walikuwa kundi, na walishirikiana na polisi waliowakuta pale. Mwenye duka aliyeinunua bastola Jumatatu na kuitia mfukoni Jumanne hajafanana nao kwa lolote isipokuwa chuma.

Ndogo si rahisi

Haya, tuseme una leseni na una sababu. Wengi huuliza kwanza: ipi ndogo kabisa? Hapo ndipo kosa huanzia.

Bastola za mfukoni si jambo jipya. Mwaka 1906 kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilitoa bastola ya John Browning iliyoweza kufichwa kiganjani, yenye risasi dogo la milimita 6.35. Katika zama zetu, Ruger LCP ya mwaka 2008 ndiyo iliyoeneza mtindo huu upya. Ina uzito wa kama gramu 270 bila risasi, mtutu wa sentimita 7, na magazini ya risasi sita. Ilinganishe na Glock 19, bastola ya kawaida ya kiunoni, ambayo uzito wake wapita gramu 600 na magazini yake hubeba risasi 15.

Mtu hudhani iliyo ndogo ndiyo rahisi, hasa kwa mama au mzee. Ni kinyume chake. Bastola nyepesi hupiga teke zaidi, kwa sababu haina uzito wa kumeza nguvu ya baruti. Mpini mfupi hushikwa kwa vidole viwili, cha tatu kikaning'inia. Alama mbili za kulengea zimekaribiana, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo risasi huenda kando sana. Na kipande cha juu kinachovutwa nyuma ili kuitia risasi chemba mara nyingi huwa kigumu, kwa kuwa springi yake fupi lazima iwe kali. Ni kama mtumbwi na jahazi. Mtumbwi huingia kila mkondo, lakini wimbi dogo tu huurusha, na asiyeujua humwagika.

Ndiyo maana walimu wa shabaha husema bastola ndogo kabisa ni ya fundi, si ya mwanafunzi. Kwa anayeanza, yenye ukubwa wa wastani ndiyo humfunza. Viwanda navyo vimelitambua hilo. SIG Sauer P365, iliyotoka 2018, ilipendwa kwa kuwa iliweza kubeba risasi kumi za milimita 9 katika mwili uliokuwa mdogo bado, lakini wenye mpini wa kushikika. Zipo pia rivolva fupi za risasi tano. Hazikwami kwa urahisi na hazina magazini, ila kifyatulio chake ni kizito na teke lake si la mchezo. Kanuni ni moja: usichague kwa kuangalia mfuko, chagua kwa kuangalia shimo lililo kwenye shabaha baada ya kupiga. Ile unayoipatia ndiyo yako, hata kama haikupendeza.

Mfuko wenyewe nao una mambo yake kwetu. Mfuko wa kanzu ni mrefu, mlegevu, unapigapiga pajani, na ndani yake mna funguo, tasbihi na simu. Bastola haikai na vitu hivyo. Lazima iwe ndani ya ala yake, ala iliyofunika kifyatulio chote, katika mfuko usio na kitu kingine, la sivyo ufunguo utaingia mahali pa kidole. Kisha kuna msikiti. Ukisujudu na chuma mfukoni, siku moja kitatoka mbele ya safu nzima. Ukikiacha garini, umemwachia mwizi wa magari. Ukikiacha kwa kijana wa kuangalia viatu, umevunja sheria. Anayetaka kubeba silaha na ajiulize atafanya nini nayo mara tano kwa siku. Na mama anayefikiria kuitia mkobani ajue kuwa mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa.

Risasi na ukuta wa jirani

Juu ya risasi maneno ni mengi, mengine ya kujigamba. Kwa bastola ndogo mjadala huwa kati ya .380 na milimita 9 ya kawaida. Vichwa vya risasi hizo vina unene unaokaribiana. Tofauti ni ganda: la .380 lina urefu wa milimita 17, la nyingine 19, na baruti yake yasukuma kwa nguvu zaidi. Hiyo .380 ni pole mkononi kidogo, lakini nguvu yake ni ya mpakani.

Kisha kuna umbo la kichwa. Kipo kilichofunikwa shaba mviringo, ambacho hupenya moja kwa moja. Kipo chenye tundu mbele, ambacho hufunguka kama ua kinapogonga mwili, kikasimama mapema. Mwaka 1986, baada ya majibizano ya risasi mjini Miami yaliyoua maafisa wawili wa FBI, shirika hilo lilichunguza kwa nini risasi zake hazikufika ndani vya kutosha, na kipimo kilichotokana na uchunguzi huo hutumika mpaka leo: risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 45 katika jeli maalumu. Shida ya bastola ya mfukoni ni kwamba mtutu mfupi huinyima risasi mwendo. Ile ya tundu huenda isifunguke, au ikafunguka na kusimama juu juu. Ile ya mviringo hufika, lakini yaweza kumpita mtu ikaenda zake.

Na inapokwenda ndiko kwenye swali letu. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene za kuzuia. Lakini sehemu kubwa ya Kisauni, Likoni na Changamwe watu wanaishi nyuma ya mabati, mbao na udongo. Risasi haiulizi hodi. Kila moja inayotoka ni yako mpaka isimame, na ikisimama kwa mtoto aliyelala chumba cha pili, hakuna sheria itakayoiita ya mwizi.

Anayebeba basi anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa peke yake, idadi na aina inayoruhusiwa na cheti chake, na aulize kabla ya kulipa. Ajaribu katika uwanja wa shabaha zile zile atakazobeba, mpaka ajue bastola yake haikwami nazo. Na asisahau bahari. Hewa yetu ya chumvi na jasho la mfukoni hula chuma upesi. Silaha inayofutwa mafuta mara moja kwa mwaka huko bara, hapa yataka kila wiki, na risasi zilizokaa mfukoni miezi kadhaa zimalizwe mazoezini ziwekwe mpya.

Panga, sekunde na sheria

Sasa tuje kwa adui tuliyemtaja mwanzo. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika matokeo ya jaribio rahisi: mtu mwenye kisu hukimbia hatua saba, kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Ni muda ule ule ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa bastola kiunoni na kupiga. Sasa itoe kiunoni uitie ndani ya mfuko wa kanzu. Mtoe askari umweke muuza nguo wa miaka hamsini. Utoe uwanja uweke kichochoro cha giza. Na usimweke mwenye panga mmoja, weka kumi, maana ndivyo wanavyokuja. Risasi sita, mkono unaotetemeka, mita tatu. Pengine mlio utawatawanya. Pengine panga litafika kwanza, na usiku huo genge lililokuwa na mapanga litalala na bastola. Silaha ya raia ni ngawira, na kwao ni ya thamani kuliko pesa za duka.

Na tuwatazame hao kumi nyusoni. Tunawajua. Wengi ni watoto wa mitaa yetu, wengine hawajafika miaka kumi na minane. Utakayemwangusha huenda ni yule uliyemnunulia kashata akiwa madrasa. Simaanishi mtu akubali kukatwa. Dini yetu imempa mtu haki ya kutetea nafsi, mali na watu wake, na ikampa daraja kubwa aliyeuawa katika kutetea. Lakini dini hiyo hiyo imekataza hata kumwelekezea ndugu yako silaha kwa mzaha. Haki ipo, na uzito wake upo.

Mahakama nayo itapima. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu chasema kuwa utumiaji nguvu katika kujitetea utaamuliwa kwa misingi ya sheria ya mazoea ya Uingereza. Kwa lugha ya barazani: nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ilingane na hatari. Aliyekuinulia panga ni jambo moja. Aliyekwishakupa mgongo akikimbia na simu yako ni jambo jingine kabisa, na risasi ya mgongoni itakupeleka kizimbani. Hata ukiwa na haki, silaha itachukuliwa, utaandika taarifa, utahitaji wakili, na itabidi uendelee kuishi mtaa mmoja na mama wa marehemu.

Tena kuna hatari ya ndani, isiyoonyeshwa katika video. Huko Marekani, ambako wana uzoefu mrefu, utafiti uliochapishwa 1993 ulionyesha kuwa nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mauaji ya nyumbani karibu mara tatu ya isiyokuwa nayo, na mara nyingi muuaji alikuwa jamaa au mtu anayejulikana. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki nchini humo wamejiua wenyewe. Sisi nasi tuna ndoa zenye moto, vijana wenye msongo, wazee waliofilisika na kunyamaza. Kwa hiyo kasha la chuma lililofungwa, lenye ufunguo au namba anayoijua mwenye leseni peke yake, si pambo. Asiye na kasha asifikirie bastola.

Tudai tunachostahili

Wahenga walisema kwa muoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwenye duka anayetoa mkoba na kubaki hai si mnyonge. Na kuna mengi ya kufanya kabla ya chuma: kupunguza pesa taslimu kwa kulipwa kwa simu, kupeleka mauzo benki saa tofauti tofauti, kufunga maduka pamoja badala ya mmoja mmoja, kuweka taa na kamera za pamoja.

Kubwa zaidi, tusimruhusu aliyechaguliwa atuachie kila mtu na mfuko wake. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya taa za barabarani na udhibiti wa dawa za kulevya, na hayo mawili, giza na unga, ndiyo mama wa magenge haya. Polisi ni wa serikali kuu, lakini Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 imeweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au aliyemteua, yenye wajumbe kutoka wafanyabiashara, dini, wanawake na vijana. Muulize mwakilishi wako wa wadi: mamlaka hiyo katika kaunti yetu imekutana mara ngapi mwaka huu, na iliamua nini? Hilo ni swali lenye meno kuliko kuuliza bastola ipi yaingia mfukoni.

Mwenye leseni na ajifunze, afunge, anyamaze, aombe asiihitaji. Sisi wengine tukiacha kudai usalama wa wote na kuanza kununua wa mmoja mmoja, watakaoumudu ni wenye pesa. Muuza mahamri wa Likoni anayetoka saa kumi alfajiri atabaki kichochoroni na giza lake, na wale kumi watamngoja yeye.